Soksi ya Kulia

Miaka thelathini na mmoja nilitembea juu ya mapaa ya Nysa
na sikuwahi kuifikiria miguu.
Theluji, umande, kinyesi cha njiwa,
vigae vya kanisa vilivyoota kuvu:
nilipita na nyundo kiunoni, sigara mdomoni,
kama mtu aendaye jikoni kuchukua chumvi.

Leo ni Jumanne. Msichana aitwaye Bogna
ananiambia nivue soksi.

Kwanza mizani. Unasimama peku juu ya kioo,
unashika vipini viwili, huhisi kitu,
lakini umeme mdogo, asema, unapanda kutoka kifundoni,
unapekua tumboni kama afisa wa ushuru:
maji haya, mafuta haya, mfupa huu.
Karatasi inatoka kama risiti ya bucha.

Kilo zangu ni zile zile. Themanini na nne,
kama siku ile gari la wagonjwa liliponizoa.
Nikacheka: basi sijapotea!
Bogna hakucheka. Akaweka kalamu kwenye mstari wa tatu.
Misuli, pungufu kilo sita.
Mafuta, zaidi kilo sita.
Mwenye nyumba kahama usiku, mpangaji kaingia,
na taa ya dirishani ni ile ile.

Kilo sita. Ni mfuko wa viazi.
Ni mjukuu wangu Kalina alipofikisha miezi mitatu.
Zilibaki labda kwenye kile kitanda,
siku kumi na tisa za kulala kifudifudi,
hewa ikinijia kwa bomba,
mwili ukifanya kama nyumba ya msitu mwezi wa Januari:
kuni zimekwisha, wanachoma viti.

Sasa panda hapa. Tazama nukta nyeusi ukutani.
Nifanye nini? Usifanye kitu. Simama.
Kwenye skrini kitone chekundu kinazurura.
Najiona mnara, kumbe naandika,
na mwandiko wenyewe wa mlevi.

Fumba macho.

Giza. Papo hapo sakafu ikawa paa,
nyayo zikatafuta kigae kilicholegea,
mikono ikaruka kabla sijaiambia,
Bogna akanidaka mkanda.
Sekunde nne, asema. Anaandika nne.
Ameandika vizuri, bila huruma, kwa wino wa buluu.

Jioni ni utepe mweupe kwenye korido. Mimi na Walenty,
mgawa barua aliyeogopwa na mbwa wa vijiji saba:

    Nane kwenda, nane rudi, kisigino na kidole,
    Walenty ana juhudi, mbele yangu polepole,
    ukuta ndio shahidi, karibu, lakini kule,
    nikikosa, sina budi

hapo nikakosa.
Hatua ya saba ikatoka nje ya utepe, mizani ikavunjika,
bega likakutana na rangi ya ukuta.
Walenty hakugeuka. Ameshajua:
akigeuka, tunaanguka wawili.

Usiku Sabina anapiga simu.
Paa letu linavuja juu ya kabati, mkwe amepanda,
amepanda vibaya, nasikia viatu vyake hata kwa simu.
Halafu: Kalina kasimama dede leo!
Kashika meza, kaachia, kaanguka, kacheka.
Sekunde ngapi? nikauliza.
Sabina hakulielewa swali.
Nikamwambia ampe pole mtoto. Hapana, hongera.
Nilikuwa nimechoka, maneno nayo yanateleza.

Hakuna anayeniahidi paa tena. Bogna husema mayai,
samaki, ngazi mara mbili kwa siku, na subira,
halafu anatazama saa.

Asubuhi hii, kabla kengele ya chai haijalia,
nilisimama katikati ya chumba, mbali na kitanda,
mbali na meza, nikainua mguu.
Misonobari dirishani ilikuwa inayumba yote
na hakuna aliyeiandikia namba.

Soksi ya kushoto niliivaa nimesimama.
Ya kulia, nilikaa.